Ununue la Leo au Ungoje la Kesho?

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo hadi leo hazijapatana. Moja yasema subira huvuta heri. Ya pili yaijibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Ugomvi wa methali hizi humkera zaidi mtu aliyekwisha kukusanya fedha za kununua gari, kisha rafiki yake akamnong'oneza: "Usinunue hilo, bwana. Toleo jipya liko njiani."

Hapo ndipo usingizi unapokatika. Akinunua leo, anahofia kwamba baada ya miezi sita gari lake litaitwa la kizamani na bei yake itaanguka. Akingoja, anaendelea kugombea basi asubuhi na jioni, thamani ya shilingi zake inapungua, na mahitaji mengine yanaanza kuzichungulia: ada za shule, ugonjwa, bati la nyumba ya wazazi. Jirani yangu mmoja ameahirisha kununua mara tatu kwa sababu hiyo hiyo. Kila toleo analolingoja likifika, nyuma yake pana jingine linalotajwa.

Wiki hii sikusudii kumpigia debe mtengenezaji yeyote. Nataka tulitazame swali lenyewe kwa jicho la historia, maana swali hili halikuzaliwa siku moja na gari. Lilikuja baadaye, lilitengenezwa na watu, na mahali lilipotengenezwa panajulikana: ni mji wa Detroit nchini Marekani. Mwaka lilipokomaa ni 1927.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 1908 kampuni ya Ford ilikuwa ikiuza magari ya aina za N, R na S. Mwezi Machi ikawapelekea mawakala wake maelezo ya gari jipya lililokuwa likiandaliwa, Model T. Mawakala walipozisoma sifa zake pamoja na bei yake walifurahi, kisha wakashtuka. Walikuwa bado na magari ya aina za zamani ya kuuza. Wateja wakizipata habari hizi, nani atayanunua? Wapo walioyaficha maelezo yale wakayafungia kwenye droo. Yaani kabla Model T halijauzwa hata moja, muuzaji alikwisha kutambua kwamba habari ya gari la kesho yaweza kuiua biashara ya gari la leo.

Model T likaingia sokoni Oktoba 1908 kwa dola 850. Lilikuwa gari la nguvu za farasi 20, jepesi, lililoinuka juu ya ardhi, lenye kufaa barabara za matope za mashambani. Kwa miaka 19 likabaki lile lile katika asili yake: injini ile ile ya silinda nne, gia mbili za kwenda mbele, na pedali tatu zilizompasa dereva kujifunza upya hata kama alikwisha kuendesha magari mengine. Tangi la petroli liliwekwa chini ya kiti, na mafuta yalishuka kwenye injini kwa mteremko tu. Penye mlima mkali, na petroli ikiwa kidogo, dereva aligeuza gari akaupanda kinyumenyume!

Katika miaka hiyo mnunuzi alikuwa na sababu moja kubwa ya kungoja, nayo ni bei. Henry Ford hakuwa akibadili gari, alikuwa akibadili bei. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, alianza kuunganisha magari kwa msururu, gari likisogea na mfanyakazi akibaki mahali pake. Kazi ikawa nyepesi na gharama zikashuka. Kufikia mwaka 1925 lile la watu wawili liliuzwa kwa dola 260. Mtu mwenye hesabu zake angesema: nikivumilia mwaka mmoja tu, nitalipata gari hili hili kwa fedha pungufu.

Ford alilijua hilo, na alilitafutia dawa. Mwaka 1914 alitangaza kwamba magari yatakayouzwa katika miezi 12 yakizidi 300,000, kila mnunuzi atarudishiwa sehemu ya fedha zake. Idadi hiyo ikapita, na mwaka 1915 kila mnunuzi akapelekewa dola 50. Maana yake ni kwamba mnunuzi hakuwa na haja ya kungoja punguzo. Punguzo lilimfuata nyumbani.

Sasa aingie bwana wa pili katika kisa hiki, Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa General Motors kuanzia mwaka 1923. Sloan aliona kwamba kushindana na Ford kwa bei ni kupigana na ukuta. Akatafuta mlango mwingine. Kampuni yake ilikwisha kuanzisha chombo cha mikopo mwaka 1919, kwa hiyo mtu aliweza kuondoka na gari huku akilipa kidogo kidogo. Gari kuukuu la mteja lilipokelewa likahesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Rangi zikawa nyingi, wakati ambapo Ford tangu 1914 hadi 1925 alitoa magari meusi tu. Kisha likaja jambo lililobadili kila kitu: kila mwaka gari lisogezwe mbele, hata kama ni umbo na mapambo tu. Mwaka 1927 General Motors ilimwajiri mchoraji Harley Earl, ikamkabidhi idara nzima ya kuyapamba magari.

Sloan hakuficha shabaha yake. Katika kitabu cha kumbukumbu zake alieleza kwamba toleo jipya lapaswa kuvutia kiasi cha kumfanya mtu asiridhike tena na lile la nyuma. Hebu tuipime kauli hiyo. Zamani gari lilizeeka lilipochakaa. Tangu hapo likaanza kuzeeka siku mwenzake alipotolewa dirishani, hata kama halijawahi kumlaza mwenyewe njiani. Hapo ndipo swali la jirani yangu lilipopata mwili.

Ford alikataa kuamini. Ndani ya kampuni yake mwenyewe alikuwako Ernest Kanzler, shemeji wa mwanawe Edsel, ambaye Januari 1926 alimwandikia waraka mrefu wa heshima akimsihi atengeneze gari jipya kwa kuwa wateja wanahama. Haikupita miezi mingi Kanzler akawa nje ya kampuni. Wakati huo huo kitengo cha Chevrolet cha General Motors kiliongozwa na William Knudsen, mtu aliyekuwa nguzo ya uzalishaji kwa Ford hadi alipoondoka mwaka 1921. Mzee alikuwa akipigwa na mtu aliyezijua siri za jiko lake.

Hatimaye maji yakazidi unga. Mnamo tarehe 25 Mei 1927 Ford ilitangaza kwamba Model T linafikia mwisho na kwamba gari jingine linakuja. Kesho yake Model T la milioni 15 likatoka kiwandani. Uzalishaji ukasimama. Jambo la ajabu ni kwamba gari hilo jipya lilikuwa halijakamilika. Michoro ilikuwa bado mezani, na mitambo mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari moja tu ilibidi ing'olewe au ibadilishwe. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Detroit walikaa nyumbani bila ujira. Mawakala walibaki na maduka yasiyo na kitu cha kuuza. Baadhi yao walifilisika, wengine wakahamia kwa washindani.

Tumfikirie basi mnunuzi wa Marekani wakati huo. Ana fedha zake, ameisikia habari, na mbele yake ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni kununua Model T la mwisho wakati bado yapo. Wengi waliomtazama mtu huyu walimwona mjinga, amenunua maiti. Lakini gari hilo fundi yeyote wa kijijini aliweza kulifungua akiwa amefumba macho. Mwaka 1927 Model T zaidi ya milioni 11 zilikuwa bado zinatembea, na Ford hakuzitupa mkono. Iliendelea kutengeneza vipuri vyake, na injini za Model T ziliendelea kutoka kiwandani hadi Agosti 1941. Aliyenunua gari "lililokufa" aliweza kulitafutia injini mpya miaka 14 baada ya maziko.

Njia ya pili ni kwenda kwa jirani. Waliofuata njia hii walikuwa wengi. Mwaka 1927 Chevrolet ilitoa magari yapatayo milioni moja na kwa mara ya kwanza ikaipita Ford. Mtu huyu alipata gari lenye gia za kawaida siku hiyo hiyo, tena kwa mkopo akitaka. Hakupata sifa ya kuwa na gari ambalo ulimwengu mzima unalizungumzia, lakini wakati wenzake wanabashiri, yeye alikuwa barabarani.

Njia ya tatu ni kungoja. Ilingojewa Juni, Julai, Agosti, hadi Disemba. Magazeti yalijaa tetesi. Tarehe 2 Disemba 1927 gari la Model A likaonyeshwa kwa umma, na yakadiriwa kwamba katika saa 36 za mwanzo watu milioni 10 walikwenda kulitazama kwa macho yao. Tuseme ukweli, lilistahili. Lilikuwa na nguvu za farasi 40, mara mbili ya Model T. Lilikuwa na gia tatu, breki kwenye magurudumu yote manne, na kioo cha mbele kisichovunjika vipande vya kukata watu. Bei zilianzia dola 385.

Lakini kulitazama si kulipata. Hadi mwaka unamalizika viwanda vilikuwa vimetoa magari elfu chache tu, ilhali maombi yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Aliyekwisha kungoja miezi sita aliambiwa angoje tena. Kisha lipo jambo ambalo wanunuzi wa safu ya mbele huwa hawaambiwi. Katika magari ya mwanzo, breki ya mkono na breki ya mguu zilitegemea mfumo mmoja. Baadhi ya majimbo ya Marekani yalilalamika kwamba moja ikikosa na nyingine imekosa. Ford ikalazimika kubuni breki ya mkono inayojitegemea, nayo ikaanza kufungwa mwaka 1928. Mtu aliyepata gari lake mwishoni mwa 1928 alipata gari bora kuliko yule aliyejigamba kwa kulipata wa kwanza. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Je, kungoja kuliishia hapo? La hasha. Model A lilipoanza kuenea, Chevrolet ikatoa gari la mwaka 1929 lenye injini ya silinda sita kwa bei iliyokaribiana na ya magari ya silinda nne. Aliyenunua Model A akajikuna kichwa. Machi 1932 Ford naye akajibu kwa gari la silinda nane, V8, na yale ya mwanzo yakasumbua watu kwa kula oili na kuchemka. Model T lilikaa miaka 19, Model A halikutimiza hata mitano. Sloan alikuwa ameshinda, na Ford mwenyewe akawa anacheza ngoma ya mwenzake.

Mtu ataniambia kwamba hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu, tena ushahidi mzuri tunao wenyewe, katika mashindano ya Safari Rally, ambako barabara zetu zenye vumbi, mawe na tope zilikuwa zikiyapima magari bila kujali tangazo linasema nini.

Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544. Aina hiyo ilitokana na gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na umbo lake la mgongo wa kobe lilikwisha kupitwa na wakati. Volvo ilikuwa imetoa gari la kisasa zaidi, Amazon, tangu mwaka 1956. Zaidi ya hayo, gari la Joginder halikuwa jipya. Lilikwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya 1964, naye akalinunua likiwa limetumika. Kwa hiyo gari kuukuu, la aina iliyokuwa ikiaga dunia, liliwaacha wote nyuma. Oktoba mwaka huo huo Volvo ikaacha kabisa kutengeneza PV544.

Tazama pia Peugeot 404, lililotoka mwaka 1960. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda nalo Safari ya 1966 na ya 1967, na mwaka 1968 gari hilo hilo likashinda tena mikononi mwa Nick Nowicki. Mwaka 1968 Peugeot ilimtoa mrithi wake, 504. Hilo nalo lilikuja kuwa kipenzi cha Afrika nzima, hakuna ubishi. Hata hivyo, ushindi wake wa kwanza katika Safari ulikuja mwaka 1975, miaka saba baadaye. Aliyenunua 404 mwaka 1967 wala hakuwa amepotea. Alikuwa amenunua gari ambalo barabara za kwetu zilikwisha kulitia saini.

Kutokana na visa hivi mimi nimejifunza kuuliza maswali mawili kabla ya kumwambia mtu anunue au angoje.

Swali la kwanza: kinachobadilika ni mifupa au ni ngozi? Kutoka Model T kwenda Model A ilibadilika mifupa. Breki za magurudumu manne na kioo salama ni mambo ya uhai wa mtu, na kwa mambo kama hayo kungoja kuna maana, hasa ikiwa tarehe na bei vimekwisha kutangazwa. Lakini kama kinachokuja ni taa zilizovutwa pembeni, kitambaa kipya cha viti na herufi mpya nyuma ya buti, hiyo ni ngozi. Ngozi ilibuniwa makusudi ili ikukoseshe raha na kile ulicho nacho. Ukiingoja, utaingoja kila mwaka.

Swali la pili: kungoja kwenyewe kunakugharimu kiasi gani? Watu wengi huihesabu hasara ya gari kushuka bei, lakini hawaihesabu hasara ya kukaa bila gari. Fundi anayekodi pikapu kila anapopeleka milango ya mteja, mama anayelipia teksi kila wiki kumpeleka mtoto kliniki, mfanyabiashara anayekosa soko la alfajiri, hao wote wanalipa. Kama fedha inayotoka kwa mwezi ni kubwa kuliko ile gari litakayopoteza kwa kupitwa na toleo jipya, basi subira hiyo haivuti heri yoyote.

Kwetu kuna jambo moja zaidi. Wengi wa wanunuzi wa miji yetu hununua magari yaliyokwisha kutumika nje, hasa Japani. Toleo linaloitwa jipya huko hutufikia baada ya miaka, likiwa limekwisha kuonyesha kasoro zake zote. Badala ya kulihesabu hilo kuwa unyonge, tulihesabu kuwa faida. Wajapani wamekwisha kutufanyia majaribio. Kazi yetu ni kumwuliza fundi wa gereji, si mchuuzi wa magari, ni aina gani ambayo vipuri vyake vinapatikana na ugonjwa wake unajulikana. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na msala wa watengenezaji magari umekuwa ukipita kila mwaka tangu enzi za Sloan.

Jirani yangu nimemshauri hivi: aandike kwenye karatasi kazi tatu ambazo gari litamfanyia, kisha atafute lile linaloziweza kati ya yaliyopo sokoni leo kwa fedha aliyo nayo. Akilipata, alipe na achukue ufunguo. Na siku mtu atakapomnong'oneza kwamba toleo jipya liko njiani, ajibu kwamba na yeye pia yuko njiani, tena anaendesha.

Hadi wiki ijayo, nakutakieni safari njema.